Kubisha Hodi Kutoka Ndani

...na bado haifunguki, ule mstari wa amri nimeuandika upya, mgeni wa intaneti akija kwa mlango namba themanini themanini mpeleke moja kwa moja kwenye mashine ya pili, ile yenye kamera, lugha gani nyepesi kuliko hiyo, lakini hii kompyuta yangu kuukuu ya Linux, niliyoiweka hapa kwenye kona iwe mlinzi kati ya nyumba na dishi la setilaiti, inanikodolea macho kama askari wa geti la Ngorongoro aliyepewa kibali cha gari lingine... "Eliapenda," anaita mama kwenye kochi, mbele ya kamera, kilemba cha Jumapili kichwani, "mjukuu wangu ananiona saa ngapi?" bado kidogo mama, "hicho kidogo chako tumeshakinywea chai mara mbili," na ana haki, kesho anapelekwa Moshi kupasuliwa tumbo, na amesema hapandi gari mpaka binti yangu Winnie amwone, aone uso unaocheka, siyo picha ya kuwekwa juu ya jeneza, na Winnie yuko Pune, mitihani imemkaba, basi mimi, dereva wa watalii, niliyepotea Frankfurt ndani ya uwanja wa ndege na kula pilau Bombay kwenye harusi ya watu nisiowajua, nikajitapa kwamba nitaifikisha Karatu India bila pasipoti, kiherehere, lakini siachi, naapa siachi, haya tena, nachapa anwani yetu ya nje, ya intaneti, kiduara kinazunguka, kinazunguka, hakuna... mchana nilimtumia Winnie anwani hiyohiyo, ukiona kitu niandikie, kimya mpaka sasa, kwa hiyo na kwake imegoma... "Kwani ukiipiga kofi, kama redio ya marehemu baba yako?" subiri mama, nafikiri, "ndiyo maana inachelewa," subiri, yule askari wa geti anamkagua nani, si anayeingia kutoka nje, na mimi niko kreta tayari, nimezungukwa na nyumbu, nalia mbona sifunguliwi, nani amfungulie anayebisha hodi kwake akiwa sebuleni, ule mstari ni wa wanaoingia kutoka nje tu, wa ndani akijifanya mgeni haumhusu, Eliapenda we, kutwa nzima unajaribu mlango kwa upande usiofaa... yaani huenda uko wazi, huenda uko wazi tangu mchana, na Winnie, ambaye akilia hasemi wala haandiki, hata siku ya safari aliingia ndani ya uwanja bila neno, huenda yuko pale anatutazama, bibi akipiga miayo, baba akikatiza na singlendi yenye tundu, akijikuna, Mungu wangu... "Imekubali?" kiduara kinazunguka vilevile, sijui mama, "sasa unacheka nini?" naacha kibodi, ule mstari siugusi tena, najibana kwenye kochi ubavuni kwake, tazama pale mama, kwenye kile kijicho cha kamera, ongea naye, "yupo?" ongea tu mama, na kamera hupeleka picha tu, sauti haifiki, hilo simwambii, naye anavuta kilemba, anasogeza uso mpaka karibu aibusu kamera, "Winnie," anasema, "unakula lakini?"