Jina la Mluzi

Siku ambayo dada yake alikuwa anakuja, Fundi alishona mkono wa kushoto wa gauni la bibi harusi mahali pa mkono wa kulia, akaufumua, kisha akaushona tena palepale. Wanawake wa karakana yake wakamwondoa kwenye cherehani na kumwambia akae kitako. Wapi! Mtu mzima na akili zake, mwenye wajukuu wanaonyoa ndevu, alikuwa na kiherehere cha mtoto aliyeahidiwa viatu vipya.

Sababu karakana nzima iliijua, maana alikuwa ameisimulia mpaka wamechoka. Kwao, enzi hizo, kila msichana alipewa na mama yake jina la mluzi. Lilikuwa jina kamili, lenye kupanda na kushuka kwake, la kumwitia akiwa mbali, mtoni au shambani. Mwenye jina hakulipiga kamwe. Utajiitaje? Walilipiga wengine, wewe kazi yako ilikuwa kuitika. Kwa hiyo Fundi aliujua mluzi wa dada yake kama anavyoijua njia ya chooni gizani, na dada aliujua wa Fundi. Wa kwake mwenyewe, Fundi alikuwa ameusahau. Duniani walikuwa wamebaki wao wawili tu wa kuitana hivyo, na dada umri ulikuwa umekwenda.

Waliosababisha asahau aliwataja bila kumumunya maneno. Watawala kutoka ng'ambo walijenga shule ya wasichana yenye bweni na uzio, wakawakusanya kwa lori, wakawagawia majina mapya yaliyoandikwa ubaoni, na hayo ndiyo yaliyomo kwenye vitambulisho vyao hadi leo. Mluzi wakauita uhuni. Aliyekamatwa akipiga au akiitika alibanwa kijiti katikati ya meno mpaka jioni. Mama yao alikuja uzioni akawaita, mmoja baada ya mwingine, na wao ndani wakang'ata midomo. Fundi akifika hapo hukanyaga pedali ya cherehani kwa hasira mpaka uzi unakatika.

Mchana Dada Mkubwa akashushwa mlangoni na mwanawe. Alikuwa mwembamba, mweupe wa nywele, na mdomo umejaa meno ya bandia yanayong'aa kama sahani mpya. Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka, wakasukumana.

"Dada, umependeza! Meno ya nani hayo?"

"Ya mwanangu. Kayanunua yeye. Mimi nimeazimwa tu nitafunie nyama."

Mpiga pasi, ambaye hakuhitaji sababu kubwa ya kucheka, aliisahau pasi juu ya kola na kola ikaungua. Hakuna aliyemgombeza. Leo ilikuwa siku ya namna hiyo.

Chai ikaletwa, cherehani zikanyamaza. Ndugu wawili wakakaa wakitazamana, magoti kwa magoti, mikono wameshikana.

"Haya," Fundi akasema. "Niite."

Dada Mkubwa akachongoa midomo. Ukatoka upepo. Akalamba midomo, akajaribu tena, ukatoka upepo na mate kidogo. Mara ya tatu alijikaza kweli kweli, na meno ya juu yakachomoka, yakaruka, yakatua kwenye bakuli la vifungo.

"Amekuita!" mpiga pasi akapiga kelele. "Nimesikia kwa masikio yangu, Mama Fundi, unaitwa Fyuuu!"

Karakana ikaanguka. Mmoja alijilaza kabisa juu ya majora ya vitambaa akishika mbavu. Fundi naye alicheka mpaka machozi, lakini alipoyafuta akamwona dada yake hacheki tena.

"Mdogo wangu, nimeutunza," Dada Mkubwa akasema. "Huwa naupiga jikoni nikiwa peke yangu, mlango nimefunga, mwanangu asijue mama yake ni mhuni. Juzi tu nimeupiga. Sasa nikikutazama hivi, unanikimbia."

Moyo wa Fundi ukashuka mpaka kwenye visigino. "Basi, dada," akasema. "Kunywa chai, inapoa."

Dada Mkubwa hakuigusa chai. Aliyatazama magoti yao yaliyogusana, halafu akajipiga paja kofi lililowashtua wote.

"Lakini sisi ni wajinga! Nani anamwita mtu aliyemshika mikono? Inuka! Ondoka hapa!"

"Niende wapi?"

"Potelea mbali huko, nisikuone! Mtoto mtundu wewe!"

Fundi akatoka mbio na futi yake ya kupimia shingoni. Akalipita duka la dawa, akampita fundi viatu, akakata kona na kujibanza nyuma ya kibanda cha muuza mikate.

"Unamkimbia nani, mama?" muuza mikate akauliza.

"Nyamaza! Naitwa."

"Na nani?"

"Bado."

Akasubiri. Pikipiki ikapiga honi, redio ikatangaza sabuni. Kijana mmoja akampigia mwenzake mluzi ng'ambo ya barabara. Fundi akaruka, kumbe siye yeye anayeitwa. Hapo ndipo woga ulipomwingia, woga ambao hakuwa ameufikiria siku zote zile za kiherehere. Hata dada akiupiga, atajuaje kuwa ni wake?

Ndipo ukaja. Ulipita juu ya mabati, ukapanda mara mbili, ukakatika kidogo, kisha ukashuka taratibu na mwishoni ukajikunja kwenda juu.

Fundi hakupata nafasi ya kujiuliza chochote. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Abeee!"

Ilikuwa sauti nyembamba, ya msichana, na ilimfanya muuza mikate adondoshe mkate uliokuwa mkononi. Miguu nayo ilikuwa imeshatangulia. "Nakuja! Nakuja!" alipaza sauti akimpita fundi viatu, akilipita duka la dawa, huku analia na kucheka kwa pamoja, na watu wakimpisha njia bila kujua kwa nini.

Alipobakiza hatua chache kufika mlangoni, alisimama ghafla. Akageuka, akarudi mbio mpaka kule kwenye kona, ili aitwe tena.