Shingo ya Gucha

Gesare hakuwa mwanamke wa kusahau. Majirani walisema ukimkanyaga mguu leo, atakungoja hata miaka kumi mpaka siku utakayovua viatu. Basi Nyangau hakumkanyaga mguu. Nyangau alimtupia mume wake mtoni.

Tuelezane vizuri, maana ukisikia hivyo utadhani kuna mtu aliuawa. Ondieki, mume wa Gesare, alikufa kwa maradhi yake mwenyewe mwaka 1991, akazikwa nyumbani kando ya migomba, kama anavyozikwa mwanamume mwenye boma lake. Siku hizo kutoka kaburini hadi mto Gucha ungetembea hatua hamsini. Mto wenyewe pale hupinda. Huteremka kutoka vilima vya Nyamira ukiwa umebeba udongo mwekundu wa mashamba ya watu, hugonga ukingo wa Gesare, kisha huzunguka kama ng'ombe aliyekataa kamba na kurudi karibu palepale ulipotoka. Ndani ya pindo hilo lilikuwa shamba la Nyangau.

Maji yanayopita nje ya pindo hukimbia, na yakikimbia hula. Yanayopita ndani huchoka, na yakichoka hutua mzigo. Kwa hiyo kila masika Gesare alipoteza kipande kidogo cha ardhi, na Nyangau akapata fungu jipya la mchanga. Baada ya mwaka mmoja majani yaliota juu yake, na Nyangau akafunga ng'ombe hapo. Mpaka hapo hakuna wa kulaumiwa. Mto ni mto.

Lakini mwaka 1994 Nyangau, ambaye alikuwa akiuza mchanga kwa wajenzi wa mjini Kisii, aliona mto unamchelewesha. Akapigilia magogo ya mikaratusi upande wake, juu kidogo ya pindo, akajaza magunia ya mawe katikati. Maji yote yakasukumwa kwa Gesare. Gesare alivuka daraja la miti akaenda kumwomba.

"Baba Nyangate," alimwambia, "nakusihi, toa magogo yako. Mto umebakiza hatua kumi na mbili tu kulifikia kaburi la jirani yako."

Nyangau alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kufunga tai kila Sabato. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama Drusilla, kwani mimi ndiye ninayenyesha mvua? Mwambie Ondieki asogee."

Asogee! Maiti asogee! Gesare alirudi nyumbani akazihesabu upya zile hatua kumi na mbili.

Aprili iliyofuata ukingo uliporomoka. Gesare alikuwa akimenya ndizi aliposikia mshindo. Alikimbia akakuta shimo, na pembe ya jeneza ikizama katika maji mekundu. Walitafuta siku nne, hawakuona hata ubao. Mwanamume mzima, baba wa watu, akawa hana kaburi. Wewe umewahi kusikia aibu kama hiyo?

Kesi ilipelekwa kwa wazee na naibu wa chifu. Gesare alitaka magogo yatolewe na arudishiwe ardhi yake. Nyangau akasimama, akasema kwa madaha kwamba tangu mababu mpaka wao ni mto, na mto ukihama, mpaka umehama. Alitaka jambo hilo liandikwe ili asisumbuliwe tena. Wazee walinong'onezana wakakubali. Naibu wa chifu akaandika: mpaka ni maji yanapopita. Nyangau akatia sahihi yenye mikia mirefu. Gesare akatia dole gumba, na machozi yake yakakauka hapohapo.

"Kama ni maji, basi ni maji," alisema. Nyangau alidhani amekubali kushindwa.

Tangu siku hiyo Gesare aliusoma mto kama mtoto anayesomea mtihani. Marehemu mama mkwe wake aliwahi kumwambia kwamba zamani za ujana wake Gucha haikupinda pale, ilikwenda moja kwa moja. Gesare akatafuta mahali ilipopita. Palikuwa kwenye shingo ya shamba la Nyangau, ule wembamba kati ya maji yanayoingia pindoni na maji yanayotoka. Hazikuzidi hatua sitini. Mvua ikinyesha maji yalituama hapo kwa mstari, na fuko walipofukua walitoa mchanga mweupe wa chenga, si udongo. Kumbe mto ulikuwa umeacha kitanda chake pale, umekifunika tu kwa majani.

Kila Jumatatu Gesare alipeleka ndizi mjini kwa Mahesh, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siku moja mwaka 1997 alimkuta Mahesh amefura kwa hasira. Alikuwa akijenga ghala, na ukuta mpya ulikuwa umejaa nyufa.

"Huyu Nyangau analeta matope, anaita mchanga!" alilalamika.

"Anakuchotea mkiani mwa fungu, mzee," Gesare akamwambia taratibu. "Mto ukichoka hutua kwanza kilicho kizito. Tope jepesi huenda kutua mwisho. Wewe mwambie unataka mchanga wa shingoni, chini ya majani. Kama si huo, usinunue."

Mahesh akaita hiyo akili. Wiki hiyo hiyo aliagiza malori.

Nyangau alichimba! Mchanga wa shingoni ulikuwa safi kama mtama uliopepetwa, na Mahesh hakutaka mwingine. Wachimbaji walianzia chini wakaufuata mstari ule mweupe kuelekea juu, wakaacha handaki refu lililomfikia mtu mabegani. Gesare aliwapelekea uji kwa ndoo. "Fuateni mchanga mweupe, wanangu," aliwahimiza, na Nyangau akamwambia mkewe kwamba yule mjane hatimaye amepata moyo wa Kikristo. Ilipofika mwisho wa Septemba, kati ya handaki na mto palibaki ukuta wa udongo huku na ukuta wa udongo kule.

Halafu zikaja zile mvua za Elnino. Novemba nzima ilinyesha kana kwamba mbingu zimetoboka. Asubuhi moja Gesare alisimama uani akaona Gucha ikipanda, ikigonga ukuta wa juu mara moja, mara ya pili, kisha ukuta ukatoweka. Maji yaliingia handakini kwa kishindo. Kufikia adhuhuri shingo yote ilikuwa imekwenda, na pamoja nayo nyumba ya Nyangau iliyokuwa imesimama kando yake, jiko lake, na mikaratusi yake yote. Nyangau na mkewe walitoka na nguo walizovaa. Mto sasa ulipita moja kwa moja, na lile shamba la pindoni, pamoja na kila fungu la mchanga, likabaki upande wa Gesare.

Alikaa kwenye kigoda akatazama. Hakujidanganya nafsini mwake: alifurahi. Alifurahi hata akaona haya kidogo, kisha akafurahi tena.

Kesho yake Nyangau alivuka pindo lililoachwa na maji akaja, matope hadi kiunoni, kuomba mkewe apewe pa kulala. "Mungu amenipiga, Mama Drusilla," alisema.

Gesare hangeweza kumwachia Mungu sifa hiyo. Kisasi asichokijua aliyelipizwa kina utamu gani?

"Usimsingizie Mungu," alimwambia. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyemtuma Mahesh shingoni. Ardhi yako sasa ni yangu, na sahihi ni yako. Mkeo atalala hapa, sina ugomvi naye. Wewe mwambie Ondieki akusogezee nafasi."

 Gesare alingoja matusi. Hayakuja.

"Na ule udongo?" Nyangau akauliza kwa sauti ya chini.

"Udongo gani?"

"Wa shingoni. Shamba zima lile. Nimeuza mchanga miaka mingi, mama, najua. Mto hauli kitu. Unabeba tu, na ukifika tambarare unatua. Jana ulibeba kuliko nilivyowahi kuona. Tambarare ya kwanza huko chini ni kwa nani?"

 Tambarare ya kwanza ilikuwa kwa Ogeto, na Ogeto ndiye aliyemwoa Drusilla, mtoto wake wa pekee.

Gesare alitoka vilevile alivyokuwa, bila leso ya kichwani, akakimbia njia ya ukingoni. Mama mkwe haingii bomani kwa mkwewe bila kualikwa, na miaka sita Gesare alikuwa ameishika heshima hiyo. Siku hiyo aliingia mbio, akipita juu ya ua, maana ua ulikuwa umefukiwa. Kila mahali palikuwa mchanga na tope jekundu. Migomba ilionekana majani tu. Nyumba ilikuwa imezama hadi madirishani, na zizi halikuonekana kabisa. Ogeto na majirani walikuwa wakifukua mahali ulipokuwa mlango.

Drusilla alikuwa amekaa juu ya paa la banda lililolala, amempakata mtoto wake mdogo, Sharon. Mtoto alikuwa amefungwa shuka nyeupe, uso na vyote. Gesare alipanda akaketi kando yao.

"Tulimtoa akiwa bado na joto, mama," Drusilla akasema. "Wanasema kuna mtu huko juu aliyechimba mto. Hawamjui ni nani." Akaushusha mkono wake wa kulia mpaka ukagusa udongo, kama wafanyavyo watu wetu wanapotaka kumlaani mtu. "Mimi sihitaji kumjua. Aliyeufungua mto huu, yeye na kizazi..."

Gesare akamziba mdomo kwa kiganja. Drusilla aliushika ule mkono ili autoe, lakini Gesare alizidi kuukaza. Binti akamtazama mama yake machoni, akatazama na akatazama, mpaka akaacha kupigana.