Nyuma ya Vespa ya Mzee Masoud

Watu wa Kengeja wamezoea kutucheka. Mume wangu, Mzee Masoud, kavuka sabini zamani na bado anaendesha vespa, nami nyuma yake nimemkumbatia kama bibi arusi wa jana.

"Bi Rahila, mwache mzee apumue!" hunipigia kelele jirani yangu Hind kila tukipita.

"Nawe mkumbatie wako, ukimkuta nyumbani!"

Wasilolijua ni kwamba mimi ndiye macho. Ukungu umemwingia machoni, hataki kutibiwa, hataki hata litajwe. Nikimgonga bega la kulia, anakwenda kulia. La kushoto, kushoto. Nikimbana mbavu, anasimama. Hatukukaa tukapatana, ilianza siku tuliyokosakosa kumvaa ng'ombe wa watu, ikaendelea. Hivyo ndivyo tunavyokwenda mazikoni, arusini, kutazama wagonjwa, na nyumba yangu haikosi habari wala watu wa kuja kuzisikiliza.

Jumatatu tulikuwa tunatoka kuhani msiba Chokocho. Msimu wa karafuu, majamvi ya kuzianika yametandikwa kando ya barabara kote. Nikaliona jamvi la Bi Mwanabaraka limeingia kwenye lami, mwenyewe kainama anazigeuza karafuu kwa mikono. Nikamgonga mume wangu bega la kulia. Hakwenda. Nikagonga tena, kwa ngumi. Nilipozikumbuka mbavu, tulishapita katikati ya jamvi.

Bi Mwanabaraka alijitupa majanini. Aliinuka anacheka, kanga imemvuka kichwani.

"Mzee Masoud! Hazijakauka bado, weye washazitwanga?"

Nikataka kucheka naye. Nikaishia kumwomba radhi.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Nilikugonga."

"Ulinigonga saa ngapi?"

Akalishika bega lake, akaliminya, akaliminya tena, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Hili halisikii," akasema. Akaenda kutia udhu.

Nikakaa. Nilidhani nitatetemeka, au nitalia. Hakikuja kitu. Nikapika wali, nikala, nikaosha vyombo. Nikamwaza Bi Mwanabaraka ndani ya sanda, kwa makusudi, nione kama nitaumia. Wapi.

Alhamisi baada ya alasiri, baraza yangu imejaa wanawake, kila mmoja na ukili wake wa mkeka mkononi anasuka, mdomo nao haulali. Mume wangu akaitoa vespa, akaipiga teke ikawaka, akakaa kunisubiri. Kulikuwa na mgonjwa wa kutazamwa Mkoani.

"Mama Yumna, twende."

Bila mimi haendi popote, na hilo tunalijua wawili tu. Nikisema hapa kwamba haoni, kabla ya magharibi limeshafika Micheweni, ncha ya pili ya kisiwa. Ndimi zile nazijua, nimezilea mwenyewe.

"Siendi," nikasema. "Nimezeeka mie. Naiogopa vespa. Nyonga haipandi tena."

Mikono ikasita kusuka.

"Weye?" akasema Hind. "Weye Rahila?"

"Mie. Na weye Baba Yumna huendi peke yako ukaniacha roho juu. Sipandi leo, sipandi tena."

"Makubwa! Kumbe bibi arusi kachoka kabla ya bwana!"

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema nikandwe kwa mafuta ya makonyo ya karafuu, mwingine akasema uzee haukandwi. Nikawasikia kama walio nyumba ya pili.

Mume wangu alibaki juu ya vespa, injini inanguruma. Nilidhani ataondoka. Nikamtazama usoni nitafute hasira, au shukrani. Sikuona hata moja, wala sikujua nilikuwa naitaka ipi.

"Mwenyewe kasema," akawaambia wale wanawake. "Haya, mkandeni."

Akazima.

Akaisukuma kurudi uani, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili unapapasa ukuta mpaka ukaupata mlango. Hakuna aliyemwona. Wote walikuwa wananitazama mimi.