Nafasi Moja ya Manju

Tangazo lilifika Jumatatu kwa barua pepe, na nilipolisoma nilipiga kelele mpaka mteja aliyekuwa kwenye kibanda cha simu akachungulia. Hoteli ya watalii Arusha inatafuta manju, yaani kiongozi wa ngoma, awe wa ngoma za Kisukuma. Mkataba wa miaka miwili, na nyumba ya kuishi na familia. Jamani! Kaka yangu Shimba ni manju. Huyo mtu anajua mambo mawili tu duniani, kuongoza ngoma na kuhudumia mashine za pamba, na mashine zenyewe zilishauzwa pamoja na kiwanda.

Mwaka huo wa 1999 mtandao ulikuwa mgeni Mwanza. Nathaniel, mwenye duka la simu na faksi nililofanya kazi, alikuwa na kompyuta mbili, na mimi ndiye niliyemsumbua mpaka akakubali tufungue ukurasa wa wasanii wa Kanda ya Ziwa: habari za nani anapiga wapi, na kazi za wachoraji, wapiga magitaa, wachongaji na watu wa ngoma. Wasomaji wengi walikuwa Dar na Ulaya. Wasanii wenyewe hawakujua hata pa kubonyeza, kwa hiyo kila tangazo nililichapa na kulibandika mlangoni. Nathaniel alilalamika kwamba nammalizia karatasi. Nilimwacha alalamike.

Shimba aliihitaji kazi ile kuliko mtu yeyote. Alipopunguzwa kazi kiwandani Nyakato, baba mkwe wake alivuka ziwa kutoka Busisi, akamchukua binti yake na wajukuu. Alisema watarudi siku mume atakapokuwa na mshahara na paa. Tangu hapo, kila Jumapili kaka alikwenda Kigongo kupanda kivuko, akashinda na wanawe, akarudi peke yake. Nilikuwa nimechoka kumwona anarudi vile.

Shida ya mlango ni kwamba unasomwa na kila mtu. Kesho yake akaja Ngosha, manju wa Wagika, akalifuata tangazo kwa kidole mpaka mwisho.

"Mdogo wangu Suzana," akasema, anacheka, "na mimi niandike."

Nikamwandika, ningefanyaje? Sisi ni Wagalu. Kwa asiyetoka Usukumani, aelewe tu kwamba Wagalu na Wagika ni vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu enzi za mababu, na Mgalu hasimami upande wa Wagika hata umpe nini.

Bwana Antoni wa hotelini akaandika kwamba atakuja mwenyewe kuwaona. Nikapanga usaili kiofisi: Wagalu saa nane, Wagika saa tisa, uwanja wa wazi Nyakato, nyuma ya maghala. Nikauweka kwenye ukurasa, nikajiona msomi. Shimba aliposoma ratiba pale mlangoni alishika kiuno.

"Suzana, wewe umezaliwa wapi? Nani amesikia mashindano ya kupokezana?"

"Siyo mashindano, kaka. Ni usaili."

"Ngosha anakuja?"

"Anakuja."

"Basi ni mashindano."

Na kweli nilipaswa kujua. Kwetu makundi mawili hupiga kwa wakati mmoja, hawa huku na wale kule, na watazamaji huamua kwa miguu yao. Upande uliojaza watu ndio ulioshinda. Hakuna jaji, hakuna maksi.

Saa nane siku ya usaili, ngoma zilikuwa zimeshapangwa pande zote mbili na nusu ya Nyakato ilikuwa imefika. Nilimkimbilia Ngosha.

"Shikamoo kaka. Zamu yako ni saa tisa!"

"Marahaba. Saa tisa nitakuwa nimemaliza," akajibu.

Bwana Antoni alikuwa na meza yake mbele ya Wagalu, kwa kuwa ratiba ilisema Wagalu. Akakaa hapo na kalamu yake, mgongo kwa Wagika, wala hakugeuka.

Shimba alianza vizuri sana. Wimbo wake mpya ulihusu kiwanda kilichouzwa huku wafanyakazi wenyewe wamo ndani, na watu walicheka, wakaitikia. Halafu kule ng'ambo Ngosha akatokea akiwa amesimama wima juu ya tandiko la baiskeli inayotembea, jembe kalishika kwa meno. Ukapigwa ukelele. Watu wakaanza kutoka kwetu mmoja mmoja, kisha kwa makundi, mwisho wakatimua mbio. Mpaka mama muuza karanga alibeba ungo wake akaenda. Nilitamani kuwashika mashati. Kaka aliwaona wote wanavyoondoka, na hakupunguza hata hatua moja. Alicheza mpaka mwisho mbele yangu na Bwana Antoni tu.

Bwana Antoni akasimama, akampa mkono. "Safi sana! Sina haja ya kuangalia zaidi. Kazi ni yako."

Nilipiga vigelegele peke yangu.

Shimba alijifuta jasho. "Wabeja, asante sana, mzee. Lakini mimi nimeshindwa. Mchukue aliyeshinda."

"Yule mimi sijamwona."

"Watu wamemwona."

Nikamvuta pembeni, nusura nimpige. "Kaka, una wazimu? Mkeo je? Watoto je? Nani Arusha atakayejua watu walikwenda wapi?"

"Mimi nitajua," akasema. "Niongoze ngoma miaka miwili kwa nafasi ya mtu? Kila nikiinua mguu nitawaona wanakimbia. Niache, Suzana. Inaniuma kuliko inavyokuuma wewe."

Nilimchukia kabisa dakika ile.

Akaenda mwenyewe kumwita Ngosha. Waliporudi mezani, watu walikuwa wameridhika na wameshatawanyika, na Bwana Antoni anatazama saa, anasema gari inaondoka, kama yupo wa kucheza acheze sasa hivi. Ngosha akatazama uwanja mtupu, akatazama ile meza.

"Bila watu? Hapana. Hiyo siyo ngoma."

Shimba akawageukia wachezaji wake. "Wagalu, njooni msimame hapa."

Wakabisha. Mpiga ngoma wetu mkubwa alitema mate chini. "Sisi tuwe watu wa Mgika?"

"Leo tu. Nimewaomba."

Wakaja mmoja mmoja, wamenuna, wakajipanga duara, Shimba mbele yao. Ngosha alimkazia macho kwa muda, akainamisha kichwa kidogo, kisha akaashiria ngoma zianze.

Mimi nilibaki mbali, nimekunja mikono, naapa siwapigii makofi hata mara moja. Lakini Ngosha alipanda tena ile baiskeli na kuimba, sauti ikakaa sawasawa kwenye ngoma, na Wagalu, pamoja na kununa kwao, wakaanza kuitikia. Kaka yangu ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote. Bwana Antoni akaweka kalamu chini. Nikajikuta nimeshafika kwenye duara, nasukumana kupata nafasi, napiga makofi na machozi yananitoka, maana yule mtu alikuwa anacheza kweli, na kazi ya kaka yangu ilikuwa inaondoka naye.