Ijumaa ya Chiku

Husna alifika sokoni Mchikichini macho yamemvimba. Usiku wa jana mdogo wake, Chiku, anayefanya kazi za ndani Maskati, alimtumia ujumbe wa sauti kwa simu ya mfanyakazi wa jirani: pasipoti yake kaificha mwajiri, simu kanyang'anywa, na huu ni mwezi wa tano hajapumzika hata siku moja.

Watu walimwelekeza kwa Mwanamkuu, muuza viatu vya watoto, aliyewahi kutumikia nyumba za Uarabuni miaka sita. Alimkuta akisugua raba kwa mswaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Mwanamkuu akausikiliza ujumbe mara mbili.

"Nataka arudi, mama. Hata kesho!"

"Hayo unayataka wewe. Yeye je?"

Husna hakuwa amemuuliza.

Wakapiga namba ileile hadi wakampata. "Kazi naiweza, dada," Chiku alinong'ona. "Nataka pasipoti yangu, simu yangu na Ijumaa yangu. Nikichoka nitarudi mwenyewe, si kwa kutoroka."

"Nimekusikia," Mwanamkuu akasema. Akamwachia muuzaji wa jirani meza yake, wakatembea hadi Mtaa wa Msimbazi, ofisini kwa Nassibu, wakala aliyempeleka Chiku.

"Mambo ya kule mimi siyawezi, mama," Nassibu alianza.

"Toa mkataba. Soma, tusikie."

Akasoma. Siku ya mapumziko imo. Pasipoti kukaa na mwenyewe, imo.

"Na sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Basi mpigie mwajiri sasa hivi, au tufuatane ofisi ya kazi. Hutakuwa wakala wa kwanza kunisindikiza."

Nassibu akapiga, akaanza kubabaika. Mwanamkuu akaichukua simu, akazungumza Kiarabu taratibu, kwa adabu, bila kubembeleza. Husna hakuambulia neno, ila jina la mdogo wake lililotajwa kwa heshima, kama la mtu mkubwa. Hakuwahi kusikia mtu akilitaja hivyo.

Siku ya tatu Chiku alipiga kwa simu yake mwenyewe. Pasipoti iko mkobani, na kesho, Ijumaa, anakwenda kutembea ufukweni na wenzake. Alikuwa anacheka.

Husna akakimbilia Mchikichini kushukuru. Mwanamkuu alikuwa na msichana mgeni, bahasha mapajani.

"Shukrani baadaye," akasema. "Huyu anasafiri wiki ijayo na mkataba hajausoma. Wewe macho yako mazima, msomee."

Husna akavuta stuli, akaanza ukurasa wa kwanza.