Beti Zisizoingia kwenye Nta

Ludema Stiltner alikuwa akipakua maharage na mkate wa mahindi, huku akiimba. Kila jioni aliimba wimbo uleule, alioutunga baada ya mgodi wa makaa kumfukia mumewe Harmon, na wenye mgodi kuona ni nafuu kuliziba tundu kuliko kuwatoa watu. Ubeti wa kwanza, Harmon alitoka shimoni. Za katikati, alishuka mlima na kuvuka mto kwa gogo. Wa mwisho aliingia ndani, akavua kofia yenye taa, akala. Alikula sana, maana kule chini hawapiki. Kisha akarudi.

Ila kifua cha Ludema kilikuwa kimeanza kukwaruza. Siku nyingine wimbo ulimtoka na damu kidogo, na Harmon akangoja kizingitini mpaka mkewe apate pumzi.

"Shoga, nikutegee kitendawili," alisema Corda, jirani yake. "Haina pafu, haina koo, inaimba mpaka uichoke."

"Mama mkwe wangu."

"Yule koo analo, tena refu! Santuri, wewe. Mjini kuna bwana wa kaskazini anashika sauti za watu kwenye nta. Kaiweke yako kabla haijakuishia."

Ludema akaenda. Bwana huyo alikuwa amepanga chumba juu ya duka la viatu, kuta kazitundikia mablanketi.

"Mama, nta inabeba dakika tatu tu," alisema. "Ruka beti za katikati."

"Za katikati ndizo anazopitia. Nikiruka gogo, avuke wapi?"

"Basi imba haraka."

"Ana mguu mbovu."

Bwana akashusha pumzi. "Taa nyekundu ikiwaka, nyamaza."

Ludema aliimba kama waimbavyo watu wa milimani, kafumba macho, bila papara. Taa hakuiona. Nta iliisha Harmon akiwa hajakanyaga gogo. Ludema akaendelea hadi mwisho, na Harmon akapanda ngazi, akaingia na vumbi lake la makaa. Bwana akamwomba Harmon asisimame mbele ya maikrofoni.

"Weka nta nyingine nimalizie," Ludema alisema.

"Nusu ya pili hainunuliwi, mama. Na wimbo sasa ni wetu, umeshatia alama yako kwenye mkataba."

Majira ya baridi yalipoingia, sauti ya Ludema ilikatika kabisa. Santuri ikafika, Corda akaleta gramafoni yake hadi ukingoni mwa mto. Harmon alishuka mlima akichechemea, akafika kwenye gogo, akasimama. Huko mijini nako, kila nyumba iliyonunua santuri hiyo ilimwona Harmon ng'ambo ya maji yaliyo karibu nayo. Watu walimzoea, wakaagiza nyingine.

"Si umfuate wewe!" Corda alisema.

"Jana nilivuka," Ludema alinong'ona. "Nikimkaribia, santuri inaisha."

Alisimama na sahani ya maharage mkononi. Akajaribu kuita. Ng'ambo, Harmon aliweka kiganja sikioni, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayejaribu kusikia jambo. Sindano ikaanza kukwaruza patupu. Harmon akageuka, akaushika mlima.

"Nizungushe tena?" Corda aliuliza, mkono kwenye mpini.

"Amekonda," alisema Ludema. "Zungusha."