Rauta ya Mama na Basi la Rombo

Naungama mapema. Chumvi kwenye bakuli la sukari ni mimi. Simu ya Mama iliyolia kama mbuzi katikati ya misa, ni mimi pia. Lakini rauta si mimi, na kwa hilo sikuwa tayari kupiga magoti.

Tunaishi ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe, juu ya duka la vitenge la Mama. Rauta, kile kisanduku cha kutuletea intaneti, inakaa juu ya friji, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama redio na runinga. Mwezi mzima ilikuwa ikizima na kuwaka inavyojisikia. Jumamosi Mama alikuwa akifuatilia rozari kwenye tovuti ya parokia, ikakatika kwenye fumbo la nne. Alipoifungua tena, badala ya Bikira Maria akatokea dada mwenye jezi fupi akimkaribisha abeti.

"Matilda!"

Hakumwita mtu mwingine. Hata hakufikiria.

Jumapili, baada ya misa, kikao cha familia kikaketi mbele ya sufuria ya mtori wa ndizi. Mwenyekiti alikuwa Mjomba Tarsis, kaka yake Mama, muuza simu wa Mtaa wa Aggrey, ambaye ndiye aliyeifunga rauta ile miaka sita iliyopita. Hukumu aliitangaza kabla ya kesi: kesho alfajiri basi la Rombo, likizo nzima kijijini kwa Bibi, simu yangu ibaki kabatini.

"Umeichezea?" akauliza.

"Shikamoo kwanza, Mjomba."

"Marahaba. Umeichezea?"

"Sijaigusa. Ila na wewe hujaigusa tangu uifunge. Ndiyo shida yenyewe."

Vijiko vikasimama hewani.

Nikawaeleza kwa unyenyekevu mkubwa. Rauta ina programu yake ndani, na walioitengeneza hutoa toleo jipya kila wanapogundua tundu. Yetu haikuwahi kupewa hata moja. Nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ni ileile ya kiwandani, moja kwa rauta zote za aina hii, imeandikwa chini ya kisanduku. Mtu asiyetujua ameingia akiwa huko aliko, akabadilisha njia: unaomba parokia, unapelekwa kwenye kubeti.

"Maneno ya shule ya bweni hayo," Mjomba akasema.

"Simu yako iko kwenye waifai yetu. Fungua tovuti ya parokia."

Akafungua. Dada wa jezi akatabasamu.

"Na hiyo nimeichezea saa ngapi? Ilikuwa mfukoni mwako."

"Huyu mtoto ana mbinu," akamwambia Mama, lakini simu aliigeuza kifudifudi.

Sikuomba ruhusa. Toleo jipya nilikuwa nimeshalipakua kwa bando langu la simu. Nikavua kitambaa, nikaunganisha kompyuta, nikaanza. Taa ikawa nyekundu.

"Dakika saba," nikatangaza. "Umeme ukikatwa sasa hivi, inakufa."

"Ndiyo kwanza inaharibika!" Mjomba akainuka kwenda kwenye soketi. "Chomoa hicho kitu."

Nikaweka mgongo kwenye soketi.

"Toka hapo."

"Sitoki."

"Matilda, mimi ni mjomba wako."

"Shikamoo. Sitoki."

Kichwani nilimwona Bibi, mbuzi wake saba, na likizo nzima bila simu. Taa ilizima kabisa. Mjomba akasema, "Mnaona?" Halafu ikawaka kijani, na ikabaki kijani. Nikafuta mipangilio yote ya zamani, nikaweka nywila mpya, nikaiunganisha simu ya Mama.

Akafungua parokia. Bikira Maria alikuwa amerudi. Mama akajifanyia ishara ya msalaba, akamtazama kaka yake.

"Tarsis, wewe ndiye uliyetoa hukumu. Utaifuta mwenyewe."

"Tutaliangalia," Mjomba akasema, akichezea simu yake. "Haya, nywila ya waifai ni ipi?"

"Herufi ndogo zote, Mjomba, bila nafasi. S, a, m, a, h, a, n, i."

Aliandika kwa kidole kimoja, akisoma kwa sauti.

"M, a, t, i, l, d, a," nikaendelea.

Kidole kikasimama.

"Wewe mtoto!"

"Bado herufi saba, Mjomba. S, i, k, u, j, u, a."

Mama aliziba mdomo kwa upande wa kitenge, lakini mabega yalikuwa yakicheka.

"Malizia, Tarsis," akasema. "Halafu umpigie Bibi, umwambie kesho hakuna mgeni."